Farasi wa Liebertwolkwitz: mwongozo wa kupigana vita vya wapanda farasi vya 1813 ukiwa peke yako mezani

Tarehe 14 Oktoba 1813, siku mbili kabla ya vita vikuu vya Leipzig kuanza, maelfu ya wapanda farasi walipambana katika mashamba ya wazi kati ya vijiji vya Wachau na Liebertwolkwitz, kusini mwa mji huo wa Ujerumani. Upande mmoja alikuwepo Joachim Murat, mfalme wa Naples na shemeji yake Napoleon, akiongoza farasi wa Kifaransa. Upande wa pili walikuwepo Washirika, yaani Warusi, Waprusia na Waaustria, chini ya Wittgenstein, huku Pahlen akiongoza farasi wa mbele.

Ukitaka kuanza kucheza vita vya enzi ya Napoleon peke yako, anza na hivi. Uwanja ni wazi, vijiji viko pembeni, na askari wa miguu wanahusika kidogo tu katika sehemu tunayoicheza. Kuna sababu nyingine kubwa zaidi. Tatizo la kucheza peke yako ni kwamba unajua mawazo ya pande zote mbili. Lakini jemedari wa farasi wa zama zile alikuwa na mamlaka hadi dakika anapopuliza tarumbeta ya shambulio. Baada ya hapo farasi walikwenda walikokwenda. Kwa hiyo dadu inapoamua kikosi chako kikimbilie wapi, haikunyang'anyi haki yako. Inakuweka mahali pake yule jemedari.

Kanuni zote nitakazokupa zimejengwa juu ya jambo moja ambalo maafisa wa farasi wa wakati ule walilijua vizuri: farasi wakipambana na farasi, anayeshinda ni yule aliyebaki na kikosi cha mwisho chenye pumzi. Shambulio zuri kuliko yote huacha farasi wanahema, safu zimevurugika, wapandaji wametawanyika. Hapo hata kikosi kidogo kilichopumzika kinaweza kuwafagia.

Siku yenyewe ilivyokuwa

Washirika walisogea mbele kupima hali. Walitaka kujua kama Murat ameshika mgongo wa ardhi ulioko kati ya vile vijiji kwa nia ya kupigana, au anafunika tu watu wanaoondoka. Murat kwa upande wake alitakiwa kuishika nafasi yake bila kujiingiza katika pambano kubwa. Hakuweza kujizuia. Alikuwa na wadragoni (wapanda farasi wa uzito wa kati) waliotoka vitani Hispania, watu wazoefu kweli kweli, na aliwatuma mbele wakiwa wamepangwa katika safu nene, kikosi nyuma ya kikosi.

Safu nene inatisha kwa macho, lakini uso wake ni mwembamba. Vikosi vya Washirika vilifika uwanjani kidogo kidogo, kimoja baada ya kingine, na vilipofika vilikwenda kuupiga ubavu wa safu ile. Wafaransa wakarudi, wakajipanga, wakaja tena, wakapigwa tena ubavuni. Katika mvurugano huo luteni mmoja wa wadragoni wa Neumark, Guido von der Lippe, alimwona Murat mwenyewe akamfukuza akimtaka ajisalimishe, mpaka mmoja wa watu wa Murat alipomuua luteni huyo.

Jioni ilipofika hakukuwa na mshindi wa wazi. Ila farasi wa Murat walikuwa wametumika vibaya, na tarehe 16 Napoleon aliwahitaji tena katika uwanja huo huo.

Hatua ya kwanza: meza

Unahitaji nafasi ya sentimita 120 kwa 90. Meza ya kulia chakula inatosha, na sakafu yenye mkeka inatosha pia. Tandika kitambaa cha kijani au cha kahawia kama unacho. Sentimita moja ni mita 25 za ardhi.

Weka upande mrefu mmoja uwe kaskazini. Kona ya kaskazini magharibi weka kijiji cha Wachau: visanduku viwili vitatu vya kiberiti. Kona ya kaskazini mashariki weka Liebertwolkwitz, kikubwa kidogo kuliko Wachau. Kati ya vijiji hivyo, umbali wa sentimita 15 hadi 25 kutoka ukingo wa kaskazini, pitisha mgongo mpana usio mkali. Huo ndio Galgenberg. Ukunje kwa gazeti chini ya kitambaa nao utajitokeza vizuri. Kusini, katikati ya ukingo, weka kijiji cha Güldengossa.

Vijiji vyote viwili vya kaskazini vina askari wa miguu wa Kifaransa, wa Victor kule Wachau na wa Lauriston kule Liebertwolkwitz. Farasi hawaingii vijijini. Kikosi cha Washirika kinachomaliza mwendo wake ndani ya sentimita 6 za kijiji kinapata alama moja ya uchovu kwa sababu ya risasi. Inatosha, tusiwape askari wa miguu zaidi ya hapo.

Hatua ya pili: vikosi

Kuna watu wana sanamu za madini ya risasi au plastiki zilizopakwa rangi kwa mkono, na ni kitu kizuri sana. Lakini usisubiri kuwa nazo. Kata boksi la kadibodi vipande vya sentimita 6 kwa 3. Kila kipande ni rejimenti moja, yaani kikosi kimoja katika mchezo huu. Rejimenti nyingi za msimu ule zilikuwa pungufu, hasa za Wafaransa waliopoteza farasi wengi mno nchini Urusi mwaka 1812, kwa hiyo tuseme watu 300. Wakisimama mistari miwili wanachukua kama mita 150, na hizo ni sentimita zako 6. Ukubwa wa kipande una maana yake, usiubadilishe ovyo.

Chora mshale upande wa mbele. Andika jina, uzito na Moyo. Uzito ni mzito, wa kati au mwepesi. Moyo ni namba: 3 kwa wanagenzi, 4 kwa askari wa kawaida, 5 kwa wazoefu.

Wafaransa wana brigedi nne za vikosi vitatu vitatu. Brigedi mbili ni wadragoni wa Hispania, uzito wa kati, Moyo 5. Ya tatu ni farasi wepesi, wengi wao vijana wapya juu ya farasi wapya, Moyo 3. Ya nne ni Wapolandi wa Kellermann, wepesi, Moyo 4. Wape betri moja (kundi moja) ya mizinga juu ya Galgenberg.

Washirika wana brigedi nne pia, ila vikosi kumi tu. Warusi: wahusari (farasi wepesi) wa Sumy wenye Moyo 5, wahusari wa Grodno na waulani (farasi wa mikuki) wa Chuguev wenye Moyo 4, wote wepesi. Waprusia wa kwanza: wadragoni wa Neumark, wa kati, Moyo 4, waulani wa Silesia, wepesi, Moyo 4, na wakirasia (farasi wazito) wa Prussia Mashariki, wazito, Moyo 5. Waprusia wa pili: wakirasia wa Silesia na wakirasia wa Brandenburg, wazito, Moyo 4. Waaustria: kikosi kimoja chepesi na kimoja cha wakirasia, Moyo 4 vyote viwili. Wape Washirika nao betri moja ya mizinga ya farasi pamoja na Warusi.

Ukiwa mpenzi wa mavazi utapenda kujua kwamba wakirasia wa Prussia mwaka huo hawakuvaa dirii kifuani, ingawa jina lao lilidai hivyo, na wale wa Austria walivaa dirii ya mbele tu, mgongo ukiwa wazi. Bado nawahesabu wazito, kwa sababu walipanda farasi wakubwa, na katika kugongana ukubwa wa farasi ulikuwa na uzito wake.

Kwa alama za uchovu tumia maharage. Utahitaji kama sitini.

Panga wadragoni wa Murat katika nguzo mbili zinazokaribiana, kila brigedi kikosi nyuma ya kikosi, nafasi ya sentimita 4 kati ya kimoja na kingine, kikosi cha mbele kikiwa sentimita 30 kutoka ukingo wa kaskazini. Wepesi wako nyuma yao. Wapolandi wako upande wa Wachau. Warusi wako mbele ya Güldengossa, sentimita 30 kutoka ukingo wa kusini, wamejipanga mstari mmoja. Waprusia wa kwanza wako nyuma yao. Wengine wote hawajafika.

Hatua ya tatu: karata zinazotoa zamu

Chukua karata za kawaida. Toa nne nyekundu, kopa au uru, kwa ajili ya brigedi nne za Wafaransa. Toa mbili nyeusi, shupaza au pau, kwa ajili ya brigedi mbili za Washirika zilizopo. Ongeza jokari mbili. Changanya, weka kifudifudi.

Fungua moja moja. Nyekundu ikitoka, brigedi moja ya Wafaransa inafanya kazi. Nyeusi ikitoka, wewe unachagua brigedi moja ya Washirika ambayo haijafanya kazi zamu hii. Jokari ya kwanza haina athari, ila inakutia wasiwasi. Jokari ya pili ikitoka, zamu imekwisha hapo hapo, na brigedi ambazo hazijapata karata zimesimama. Kisha changanya upya.

Usishawishike kuondoa jokari. Kuna zamu utakayomwona adui ubavu wazi, umepanga kila kitu, na jokari zote mbili zitatoka mfululizo. Mjumbe aliyebeba amri yako ameanguka na farasi wake, au kanali hakuielewa. Mambo hayo yalitokea kila siku katika vita hivi, na ukiyaondoa unabaki na drafti.

Kuanzia zamu ya 3, kabla ya kufungua karata, rusha dadu kwa ajili ya Waprusia wa pili: 4, 5 au 6 wanaingia kwenye ukingo wa kusini, nawe ongeza karata moja nyeusi. Kuanzia zamu ya 5 rusha kwa ajili ya Waaustria: 5 au 6 wanaingia ukingo wa mashariki, kusini mwa Liebertwolkwitz, na karata nyingine nyeusi inaongezwa. Waaustria ni wa thamani kubwa kwa sababu wanaingia pale pale penye ubavu wa kushoto wa Murat.

Hatua ya nne: mwendo

Kwa mwendo wa mchakamchako, wazito na wa kati wanakwenda sentimita 15, wepesi 20. Kugeuka papo hapo kunakula sentimita 5. Kikosi kinachopita katikati ya wenzake kinakula 5 nyingine.

Shambulio linafika sentimita 25 kwa wote, lakini 10 za mwisho lazima ziwe mstari ulionyooka. Shambulio lililoanza mbali zaidi ya sentimita 20 linampa mshambuliaji alama moja ya uchovu kabla hajagusa mtu. Kanuni hii ndogo ndiyo inayofundisha kuliko nyingine zote. Makamanda wazuri walitembeza farasi, wakaenda mchakamchako taratibu, na wakawaachia mbio kamili hatua za mwisho tu, ili safu ifike ikiwa imeshikana, goti kwa goti. Aliyeanza mbio kutoka mbali alifika na farasi wa haraka mbele, wavivu nyuma, na wote wakihema.

Mizinga inarusha mwishoni mwa zamu, shabaha moja ndani ya sentimita 30, pasipo rafiki kuziba njia. Dadu ikitoka 5 au 6 shabaha inapata alama moja ya uchovu. Ndani ya sentimita 10 inatosha kupata 3 au zaidi.

Hatua ya tano: kugongana

Vikosi vinapogusana, kila upande unarusha dadu moja na kuijumlisha na Moyo wake. Kisha:

Ongeza 2 kama unampiga adui ubavuni au mgongoni. Ubavu unahesabiwa iwapo ulianza shambulio ukiwa nyuma ya mstari wa uso wa kikosi unachokipiga.
Ongeza 1 kama wewe ni mzito kuliko yeye.
Ongeza 1 kama una kikosi cha wenzako nyuma yako ndani ya sentimita 10. Anayepigwa ubavuni hapati msaada huu.
Toa 1 kwa kila alama ya uchovu.
Toa 2 kama umepigwa usoni huku umesimama.

Hiyo ya mwisho inahitaji maelezo. Kikosi kinachoshambuliwa kwa mbele huondoka nacho kwenda kumlaki adui, bila kusubiri karata. Kinashindwa kufanya hivyo kama kina alama 3 za uchovu, au kama adui alianza shambulio ndani ya sentimita 10 na hakuna nafasi ya kuanza mbio. Farasi aliyesimama akigongwa na farasi anayekuja mbio hana la kufanya, na hakuna jeshi la zama zile lililofundisha wapanda farasi kusubiri wamesimama wakiwa na njia nyingine.

Linganisha jumla. Zikiwa sawa, safu zimepitana na kuchanganyikana: wote wanapata alama moja na kurudi sentimita 10. Tofauti ikiwa 1 au 2, aliyeshindwa anarudi sentimita 15 na kupata alama moja. Tofauti ikiwa 3 au zaidi, aliyeshindwa anavunjika, anakimbia sentimita 30 kuelekea kwao na kupata alama mbili. Mshindi daima anapata alama moja. Na kila kikosi ambacho aliyeshindwa anapita katikati yake kinapata alama moja, kwa kuwa farasi wasio na wapandaji na watu waliopigwa na hofu hawaulizi njia. Kikosi kikifika alama 4 kimetawanyika, kitoe mezani.

Sasa unaona kwa nini safu nene ya Murat ni silaha yenye ncha mbili. Akikutana nawe uso kwa uso ana msaada nyuma. Kikosi chake cha mbele kikivunjwa, kinarudi kupitia tumbo la wenzake.

Hatua ya sita: kufukuza

Mshindi wa pambano lililomrudisha au kumvunja adui anarusha dadu kuona kama anajizuia. Mwenye Moyo 5 anaondoka mbio akipata 1 au 2. Mwenye Moyo 4 akipata 1 hadi 3. Mwenye Moyo 3 akipata 1 hadi 4. Anayeondoka anamfuata aliyeshindwa sentimita 20. Njiani akikuta kikosi kingine cha adui anapigana nacho papo hapo, akiwa na uchovu wake wote. Asipokuta, yule aliyekimbia anaongezwa alama moja. Kwa karata moja kikosi hakipigani zaidi ya mara mbili.

Ngoja nikuonyeshe kwa mfano. Umefungua karata nyeusi, ukachagua Waprusia wa kwanza. Wadragoni wa Neumark, Moyo 4, hawana uchovu. Kikosi cha mbele cha wadragoni wa Kifaransa, Moyo 5, kina alama moja kwa kupigana na Warusi. Umezunguka vizuri, unampiga ubavuni. Wewe unarusha 3: 3 na 4 na 2 ni 9. Yeye anarusha 4: 4 na 5 ni 9, toa 1 ya uchovu, 8. Umeshinda kwa 1. Anarudi sentimita 15 kupitia kikosi kilicho nyuma yake. Yeye sasa ana alama 2, na yule aliyepitiwa ana alama 1. Wewe unapata alama 1.

Unarusha kuona kama watu wako wanajizuia. Inatoka 2. Wameondoka! Wanakwenda moja kwa moja kwenye uso wa kikosi cha pili. Unarusha 2: na 4 ni 6, toa 1 ya uchovu, 5. Mfaransa anarusha 4: na 5 ni 9, ongeza 1 kwa kikosi cha tatu kilichoko nyuma yake, toa 1, 9. Umeshindwa kwa 4. Neumark wamevunjika, wana alama 3, na wanakimbia sentimita 30 kuelekea Güldengossa.

Ndani ya karata moja umeshinda na umepoteza. Hivi ndivyo ilivyowatokea Waingereza wa brigedi nzito kule Waterloo tarehe 18 Juni 1815. Waliwavunja askari wa miguu wa Kifaransa kwa shambulio la kishujaa, wakaendelea kukimbia bonde lote mpaka kwenye mizinga, kisha wapanda farasi wa mikuki wa jenerali wa Kifaransa Jacquinot wakawakuta farasi wamekwisha pumzi. Jenerali wao Ponsonby aliuawa hapo. Wellington, jemedari wa Waingereza, alikuwa ameshalalamika miaka mitatu nyuma, baada ya pambano la Maguilla nchini Hispania, kwamba wapanda farasi wake hukimbilia kila kitu bila kufikiri njia ya kurudi.

Mwishoni mwa zamu, kikosi ambacho hakikusogea, hakikupigana na hakina adui ndani ya sentimita 20 kinaondoa alama moja. Lakini alama ya mwisho haiondoki. Farasi aliyekwisha kukimbia shambulio kamili harudi kuwa kama alivyoamka asubuhi, siku hiyo hiyo.

Hatua ya saba: kumwongoza Murat bila kumpendelea

Wewe ni Washirika. Murat anaendeshwa na dadu, na tabia yake halisi inafanya kazi iwe rahisi, kwani alikuwa mtu wa kwenda mbele. Karata nyekundu ikitoka, chagua brigedi ya Kifaransa iliyo karibu zaidi na adui na ambayo haijafanya kazi. Rusha dadu. Kama wengi katika brigedi hiyo wana alama 2 au zaidi, toa 1. Kama kuna kikosi chako kimewaonyesha ubavu, au chenye alama 2 au zaidi kiko ndani ya sentimita 25 mbele yao, ongeza 1.

1 au chini: wanasimama na kujipanga.
2: wanasogea mbele kwa mchakamchako bila kugusa.
3, 4 au 5: wanashambulia kama kuna adui wa kufikiwa, la sivyo wanasogea mbele kwake. Kikosi cha mbele ndicho kinachoshambulia, wengine wanafuata nyuma.
6 au zaidi: kama 3 hadi 5. Lakini ikiwa dadu yenyewe ilionyesha 6, kabla ya kuongeza au kutoa, Murat anaongoza mwenyewe. Mpe 1 ya ziada katika pambano. Akishindwa, rusha dadu: ikitoka 1 von der Lippe wako amefanikiwa na mfalme wa Naples ni mateka.

Palipo na njia mbili zilizo sawa, kwa mfano vikosi viwili vyako vilivyo umbali mmoja, amua kwa dadu, usiamue kwa moyo. Na andika. Daftari dogo lenye mstari mmoja kwa kila karata litakulinda dhidi ya kusahau nani ana uchovu gani, na baada ya mchezo utakuwa na taarifa ya vita unayoweza kuisoma. Maafisa wa Prussia walichukua jambo hili kwa uzito uo huo: von Reisswitz alimwonyesha mfalme wao mchezo wa vita wa mezani mwaka 1812, na mwanawe akauboresha mwaka 1824 kwa ramani, vipande na dadu, ukawa sehemu ya mafunzo ya jeshi lao.

Kwa ushauri wangu, usikimbilie kumgonga Murat usoni kwa Warusi. Warudishe polepole mbele yake, sentimita chache kila karata, ili safu yake ishuke kutoka Galgenberg na iache mizinga yake nyuma. Kadiri anavyoshuka ndivyo mbavu zake zinavyorefuka. Piga na kikosi kimoja, acha cha pili kisubiri. Na wakirasia wa Brandenburg wakiingia, jitahidi wakae bila kuguswa mpaka zamu ya 8. Ni vigumu mno. Kila karata itakupa sababu nzuri ya kuwatumia.

Hatua ya nane: kuhesabu

Mchezo una zamu 10. Mwishoni, kila kikosi kisicho na uchovu hata kidogo kina pointi 2. Chenye alama moja kina pointi 1. Vingine havina kitu. Kila kilichotawanyika kinaupunguzia upande wake pointi 1. Upande ulio peke yake juu ya Galgenberg unapata pointi 3. Murat akiwa mateka, Washirika wanapata 5. Upande usiobaki na kikosi hata kimoja kisicho na uchovu hauwezi kuhesabiwa mshindi, hata kama pointi zake ni nyingi. Tofauti chini ya 3 ni sare, kama ilivyokuwa siku yenyewe.

Utashangaa jinsi hesabu hii inavyobadilisha mchezo. Watu wengi huhesabu waliouawa. Hapa unahesabu nani anaweza kupanda farasi tarehe 16, siku ambayo Wafaransa walipeleka shambulio kubwa la farasi kutoka Wachau kuelekea Güldengossa, wakakaribia sana mahali walipokuwa wafalme wa Washirika, kisha wakakosa nguvu ya kumalizia. Latour-Maubourg, mmoja wa majenerali wao bora wa farasi, alipoteza mguu siku hiyo.

Ukishazoea, geuza. Cheza Murat mwenyewe, na Washirika waongozwe na jedwali lile lile ila 6 isiwe na maana ya pekee. Anza kwa kuivunja safu nene: panga brigedi moja ya wadragoni mstari, nyingine nyuma kwa umbali wa sentimita 15, na Wapolandi walinde ubavu wa mashariki watakakoingilia Waaustria. Kisha jaribu kanuni hizi kwa vita vya Eylau, tarehe 8 Februari 1807, ambapo Murat huyo huyo aliongoza karibu skwadroni 80 (vikundi vidogo vya wapanda farasi) katika theluji. Punguza mwendo wote kwa sentimita 5, na kabla ya kila shambulio rusha dadu: ikitoka 1, theluji imewafumba macho na wanasimama walipo.